Ubeid, Bingwa wa Majong wa Gerezani

Mtaa mzima wa Gerezani, Dar es Salaam, ulikuwa na bingwa mmoja tu wa majong, na bingwa mwenyewe ndiye aliyetutangazia!

Ubeid, muuza spea, alikaa Osaka wiki tatu kununua giaboksi. Akarudi mabega juu kama balozi! Ukimuuliza bei ya plagi, anakujibu habari za Japani.

"Majong ni dhumna iliyosoma mpaka chuo kikuu," alitamba. "Na mkuu wa chuo ndiye mimi!"

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, injini kuukuu zinamiminika bandarini. Bwana Kitagawa, Mjapani aliyekuwa akizileta, akazisikia tambo hizo. Kontena lake lilikuwa limeshafika.

"Tucheze," akasema. "Atakayeshinda atachagua injini kabla ya wote."

Wachezaji ni wanne. Akapatikana Ravindra, jirani na mshindani wa Ubeid. Wa nne akawa Thuraya, mke wa Ubeid. Kitagawa akawafundisha hao wawili wiki nzima. Ubeid? Thubutu!

"Bingwa hafundishwi! Na wewe mke wangu usihangaike, unajaza kiti tu."

Siku ikafika, wakaketi dukani. Mapema tu Ubeid akavuta kete yenye picha ya ndege.

"Kuku wa nini huyu?" Akamtupa mezani, pa!

Baadaye akabakiwa na kete mbili za picha ya mianzi, namba mbili na namba tatu. Apate moja au nne, amemaliza. Ravindra akatupa nne. Ubeid akaruka, kiti chali!

"Ron! Nimeshinda!"

Kitagawa akatikisa kichwa. "Yule ndege ndiye mianzi moja. Ulimtupa."

"Lakini nadai nne! Nne sijaitupa!"

"Ulikuwa unangoja moja au nne. Ukishatupa mojawapo, huwezi kushinda kwa kete ya mwenzako, hata kwa ile nyingine. Faini!"

"Yaani nimemwacha mmoja, na dada yake naye haramu?"

"Endelea kuacha tu," Thuraya akasema, macho kwenye kete zake.

Ukaja mchezo wa mwisho. Ubeid akajijengea mkono mnene wa kete, wa kufuta faini yote na kumpandisha juu ya wote! Alikuwa anangoja kete ya duara, tano au nane. Tatizo, nane alikwishaitupa.

Ravindra akatupa nane. Ubeid akauma ulimi, jasho likamtiririka mpaka kwenye soksi.

"Sidai! Mimi raia mwema!"

Zamu yake ikafika. Akavuta kete kutoka rundoni. Lahaula, duara tano! Akaitazama kama mtu aliyeokota nyoka.

"Hamnipati tena!" Akaitupa mezani.

"Ron," akasema Thuraya taratibu, akazilaza kete zake. Zilikuwa zimetimia.

Kitagawa akachungulia mkono wa Ubeid, akashika kichwa. "Bwana Ubeid! Marufuku ni kete za wenzako. Ukivuta mwenyewe, unashinda!"

Ravindra alicheka mpaka akaegemea rafu ya radieta.

Thuraya, mshindi wa siku, akaenda bandarini, akachagua injini moja baada ya nyingine, na kila moja ikawaka kwa jaribio la kwanza. Wanunuzi wakaanza kumwulizia yeye kwa jina.

Jumatatu, kijana mmoja fundi akaingia dukani, akamkuta Ubeid amekumbatia injini, grisi mpaka puani.

"Shikamoo mzee. Bosi yupo?"

"Marahaba," Ubeid akahema. "Anakunywa chai. Mimi kuli tu."