Kadi ya Picha na Uenyekiti wa Ballarat

Jumatatu, 3 Machi
Kadi ya picha, ile ya kuipa kompyuta yangu picha kwenye kioo, imefika! Jumamosi chama chetu cha watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta, wastaafu wa mji wa Ballarat hapa Australia, kinachagua mwenyekiti. Mpinzani wangu Mervyn anatangaza kwamba mfumo wa zamani kama wangu ni wa kuzikwa. Nitawaonyesha filamu ya tramu, treni za barabarani za mji wetu, kutoka kwenye mfumo huohuo. Akome!

Jumanne, 4 Machi
Nimeichomeka. Kioo cheusi. Nimezima, nimewasha. Cheusi tii! Mke wangu Glenys kauliza kama ndiyo filamu yenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Kutwa nzima kwenye jukwaa la wana-Linux mtandaoni. Mtu mmoja tu aliwahi kukwama hivi: kadi ileile, mfumo uleule. Moyo ukanidunda! Nikashuka kusoma alivyojinasua. Kaandika: "Imekubali. Asanteni." Basi! Kaenda zake! Mchoyo asiye na haya. Nimemwandikia maneno makali.

Alhamisi, 6 Machi
Glenys kachungulia, kacheka mpaka kamwaga chai. Eti we Keith, huyo unayemtukana si wewe? Hilo jina la jukwaani si ulijipa mwaka ule tuliponunua karavani ya kuvuta na gari? Upuuzi! Nikatazama. Ni mimi, enzi za kadi yangu ya kwanza. Lakini mimi nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimebadilisha hiki, nimefuta kile, nimerudisha kingine. Picha! Tramu inapita! Mervyn kasikia kwa Glenys, kapiga simu: naye kanunua kadi kama yangu, amekwama, tafadhali kaka, umefanyaje? Nikamwambia asubiri kura kwanza.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi umejaa, soseji zinachomwa nje. Nikaunganisha projekta. Giza! Wakaniambia nirudie tu nilichofanya jana. Nilifanya nini jana? Sikuandika popote. Mervyn, kwa upole wake wa kinafiki, akasema pole kaka, ungetuambia jana, leo tungekukumbusha. Wamemchagua yeye. Mikono yote juu, hata wa Glenys! Nimerudi nyumbani bila kula soseji.

Jumapili, 9 Machi
Nimehangaika tangu alfajiri. Picha imerudi! Mwenyekiti Mervyn kaja na keki, anaomba niandike hatua zote, chama kizima kifaidike. Chama kilichonitosa jana! Keki nimeipokea. Ama hatua, nimemwambia nimezihifadhi kichwani mwangu, mahali ambapo hazipotei.