Habu Nyekundu

Jumanne, 4 Juni

Binti yangu amenipa daftari. Anasema tangu mama yake afariki naongea na ndoo. Niandike humu badala yake. Haya, naandika.

Leo nyapara ametukusanya kando ya mashine ya zege. Kampuni inataka mtu wa kupeleka karatasi na funguo kati ya saiti yetu na saiti ya pili. Kwa baiskeli. Kuanzia mwezi ujao. Mtu huyo habebi tena kitu, anakaa juu ya kiti anakanyaga pedeli. Anayetaka aje na baiskeli yake Jumapili ya tarehe kumi na sita. Watashindana kutoka getini mpaka stoo ya mbao na kurudi. Atakayefika kwanza kazi yake.

Nimebeba saruji miaka ishirini na mbili. Siku hizi asubuhi mgongo unachukua nusu saa kukubali kwamba kumekucha. Hiyo kazi ni yangu.

Shemeji naye akainua mkono. Huyu ni mdogo wake marehemu mke wangu. Anafunga nondo pale pale saiti. Ana tumbo la mtu aliyemeza helmeti. Nilicheka mpaka nyapara akaniuliza kama naumwa.

Mimi fremu ninayo. Ya baiskeli ya mbio, nyembamba, unaiinua kwa kidole. Karani mmoja alinipa kama malipo ya shimo la choo nililomchimbia. Haina magurudumu. Hilo jambo dogo.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa fundi baiskeli na ringi mbili nilizozipata kwenye duka lililokuwa linafungwa. Mpya, nyembamba. Nikamwambia anisukie magurudumu ya mbio na hela yangu ni ya kubana.

Kosa langu. Fundi huyu hajawahi kujibu kwa neno moja tangu azaliwe. Kanikalisha kwenye debe tupu, kanipa somo zima la habu. Habu ni kile kidude cha katikati ya gurudumu. Ekseli inapita ndani yake, spoku zinatoka hapo kwenda kwenye ringi. Kila mtu anajua. Yeye anaieleza utadhani kaizaa. Eti mwenye hela kidogo asikimbilie habu za kufungwa, zikifa zimekufa. Achukue za gololi. Hizo unafungua, unasafisha, unatia grisi, unazikuta wajukuu wako wanazitumia. Eti asitazame rangi. Na kwanza kabisa ahesabu matundu, ya habu yalingane na ya ringi.

Akaniuliza ringi zangu zina matundu mangapi. Nikamwambia tundu ni tundu.

Akahesabu mwenyewe kwa kidole, polepole, kunikomoa. Thelathini na mbili. Akachomoa habu mbili kwenye boksi. Zimetumika, za gololi, matundu thelathini na mbili, bei ya kunihurumia. Za kijivu. Kijivu cha sufuria ya hospitali.

Nikamwambia mimi naenda kushinda, siendi kulazwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata habu! Kwa yule muuza vipuri anayetandika turubai nyuma ya stendi. Nyekundu. Nyekundu ya pilipili. Ukizungusha inalia triiii kama nyenje.

Muuzaji hakunihutubia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nazitaka zote mbili. Huyo ndiye mfanyabiashara. Nikamuuliza kama kweli ni za mbio. Akasema, "Mzee, hizi zikikaa ndiyo zinachoka." Nikamwamini hapo hapo.

Bei ilikuwa mara mbili ya zile sufuria. Nimerudi kwa miguu nimeshika ekseli, naizungusha njia nzima. Watu wananigeukia. Wageuke tu, shingo ni zao.

Jumamosi, 8 Juni

Hela ya spoku hakuna. Mungu si mchoyo, kamleta shemeji.

Anaitaka ile baiskeli ya dada yake. Ile inayoning'inia ukutani juu ya pipa la maji. Miaka mitatu hakuna aliyeigusa. Kengele imeanguka, mnyororo ni kutu tupu, kiti wamekula panya. Anasema anaitaka kwa kumbukumbu. Nikataja bei ya spoku zote za magurudumu mawili. Akatoa bila kubisha. Hata nilimsaidia kuishusha. Alipopinda kona nikakaa chini nikacheka. Mtu mzima, ana akili zake, anatoa hela anunue kutu.

Binti hakucheka. Alikuwa anapiga pasi. Akasema, "Baba, Mama alikuwa anaitia grisi kila mwisho wa mwezi."

Sawa. Na mimi nilikuwa nanyoa ndevu kila mwisho wa mwezi, mbona hakuna anayekuja kuninunua?

Binti akalipiga pasi shati lile lile mara ya pili.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi kahesabu matundu ya habu zangu kabla hata ya kunisalimia. Thelathini na sita kila moja. Akazisukuma pembeni ya meza.

Nikamwambia basi, yale manne yanayozidi yaachwe wazi, yapitishe hewa. Akaanza. Eti spoku zinavutana pande zote sawasawa ndipo gurudumu linasimama. Ukiacha matundu matupu, upande mmoja unabeba mzigo wa mwenzake na siku moja linajikunja. Eti na habu ya nyuma ni pana, haitaingia kwenye fremu yangu. Halafu akatoa rai. Nimwachie nyekundu, anipe zile za kijivu, na kusuka atanisukia bure, Jumamosi nachukua.

Bure! Hapo ndipo nilipoushtukia mchezo. Anazitaka nyekundu zangu. Macho yalikuwa yanamtoka. Nikakusanya vitu vyangu nikaondoka.

Kusuka spoku kitu gani? Marehemu alikuwa anasuka vikapu huku ananigombeza, na havikuwahi kupinda.

Jumatano, 12 Juni

Nimesuka. Siku mbili, vidole vyote vina matobo.

La mbele limetoka yai. La nyuma limetoka yai lililokaliwa. Habu ya nyuma kweli ilikataa kuingia kwenye fremu. Nikaitanua fremu kwa ubao na goti. Ikalia kidogo, ikatii. Ukizungusha gurudumu linakwenda kushoto, linafikiri, linarudi kulia. Haina shida. Barabarani mwendo ukikolea litanyooka lenyewe.

Jirani kapita, kaniuliza kama natengeneza feni. Huyo baiskeli hana. Hata feni hana.

Binti anasema nirudi kwa fundi nimwombe. Nikamwambia humu ndani baba ni mimi. Akasema hilo hakuna aliyelibishia.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepita kwa fundi. Si kumwomba. Kuazima spana.

Namkuta shemeji amekaa kwenye debe langu, anakunywa chai. Baiskeli ya marehemu imefumuliwa yote. Kutu imetupwa kwenye kona. Kilichobaki mezani ni habu mbili, zimefunguliwa. Ndani grisi, na ndani ya grisi gololi, nzima, nyeupe, hata moja haijaliwa. Fundi ameinama juu yake kama anasoma barua. Anasema habu za namna hii siku hizi hazitengenezwi, na aliyezitunza alikuwa anajua anachofanya. Atazisuka kwenye ringi mpya, shemeji aivalishe baiskeli yake nyeusi.

Akaifunga moja, akaishika ekseli kwa vidole, akaizungusha. Shemeji akamaliza chai yake yote. Akasuuza kikombe. Habu bado inazunguka.

Matundu thelathini na mbili. Nilihesabu. Sijui kwa nini nilihesabu.

Nikawaambia wakishamaliza kuiabudu kutu wafagie. Nikaondoka bila spana.

Jumapili, 16 Juni

Tulikuwa sita. Mafundi rangi wawili, mlinzi wa geti, mpishi wa chai wa saiti, shemeji na mimi. Nyapara akapiga filimbi.

Naandika hapa ili ijulikane. Mpaka kwenye kona ya ukuta wa matofali, wa kwanza nilikuwa mimi. Fremu nyepesi, habu zinalia triiii, watu wanapisha njia. Nikageuka nyuma nimcheke shemeji. Yuko mbali, tumbo limekaa juu ya usukani.

Kisha mbele yangu kitu kikasema ting. Nikajua ni jiwe. Ting ting. Nikajua ni mawe mawili. Halafu gurudumu la mbele likajikunja kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, nami nikatua kwenye rundo la mchanga. Mchanga wetu wenyewe. Niliubeba mimi Alhamisi.

Nikawa nimelala pale kifudifudi. Wanne walishanipita. Nikasikia baiskeli ya mwisho inakuja. Haikulia triiii. Ilikuwa na mvumo mdogo tu, wa mtu anayesugua viganja. Sauti hiyo naijua. Miaka kumi na tisa ilikuwa inaingia uani saa kumi na moja jioni, na mimi nazima sigara upesi upesi. Nikainua kichwa. Kujisahau tu.

Alikuwa shemeji. Hakusimama. Jasho linamtiririka, anakanyaga taratibu, baiskeli inakwenda kama inateremka na pale ni tambarare. Kwenye stoo ya mbao aliwapita wawili. Njia ya kurudi akawapita waliobaki. Ameshinda. Wenzake walikuwa wanahema, yeye anauliza chai iko wapi.

Baadaye alinirudia pale mchangani, akapiga keria kwa kiganja.

"Panda, shemeji," akasema. "Na hayo mayai yako."

Nimepanda. Goti lilikuwa limevimba, ningefanyaje. Njia nzima hakunicheka hata kidogo. Mtu wa ajabu. Mimi ningecheka.

Alhamisi, 20 Juni

Nimerudi kwenye saruji. Mgongo umenipokea vibaya.

Jioni shemeji kaja na kifurushi cha kitambaa. Kumbe mshindi kampuni imempa baiskeli ya ofisi, mpya, na kapu lake mbele. Kwa hiyo magurudumu yale hayahitaji tena. Amezifumua zile habu mbili akanirudishia. Amesema, "Za dada. Zirudi nyumbani."

Tena kuna habari. Mwezi wa nane saiti ya tatu inafunguliwa, na nyapara anataka mtu wa pili wa baiskeli. Shemeji ameshamtajia jina langu. Nyapara amekubali, hakuna mashindano, mradi Jumatatu ijayo nimpitishie baiskeli yenye magurudumu ya kuaminika aione. Fundi amesafiri, anarudi kesho kutwa jioni. Ringi zangu atazinyoosha, matundu yanalingana, Jumapili atasuka. Mimi kazi yangu ni kukaa tu. Shemeji amerudia mara mbili mlangoni, akanishika bega.

"Shemeji. Usiziguse."

Mtu akipewa baiskeli yenye kapu anajiona mhandisi.

Binti alizifungua kwenye kitambaa. Akaishika moja kwa ekseli, akaizungusha juu ya meza. Tukaitazama wote wawili mpaka iliposimama yenyewe. Ilichukua muda. Kisha akaenda jikoni, akakaa huko zaidi ya ilivyohitajika.

Jumamosi, 22 Juni

Binti yuko kazini. Nyumba imetulia. Nimepata nafasi ya kufikiri.

Habu za marehemu ni nzuri, nakubali. Sina kinyongo. Ila rangi. Kijivu kile kile. Siwezi kusimama mbele ya nyapara na sufuria mbili. Na fundi anataka azipokee hivyo hivyo, ili ajisifu yeye alisema.

Nimezifungua. Ndani uchafu mtupu, grisi ya miaka na miaka, imeshikamana mpaka kwenye pembe. Nimeiosha yote kwa mafuta ya taa. Haikubaki hata ya kupaka ukucha. Sasa ndani pako kavu, panang'aa. Gololi mbili zilibingirikia chini ya pipa zikapotea. Zimebaki nyingi tu. Gololi ni gololi.

Nimezifunga tena. Halafu rangi. Ipo ile nyekundu ya mageti, kopo nililookota saiti. Brashi inaacha mistari, kwa hiyo nimezitumbukiza zima zima, nikahesabu mpaka ishirini, nikazitoa. Nyekundu ya pilipili! Zile za muuza vipuri hazikaribii. Nimezitundika kwa kamba juu ya pipa la maji, pale pale ilipokuwa baiskeli. Zimependeza. Hata marehemu mwenyewe angesimama azitazame.

Shemeji akiziona atakosa la kusema. Fundi ndiyo kabisa.

Nimejaribu kuizungusha moja. Haizunguki. Nikajaribu na ya pili. Haizunguki nayo.

Ni rangi tu, haijakauka.