Upande wa Pili wa Barua ya Dunstan

Jumanne, 10 Juni

Dk. Getrude amerudi Litembo! Binti yetu, msomi wetu. Miaka yote ya kufundisha vyuoni alikuwa akikusanya barua za zamani za watunzi, wachoraji na wachongaji wa huku kwetu. Jumapili baada ya misa zitawekwa ukumbini tuzione. Halafu zinakwenda kuhifadhiwa Dar es Salaam, moja kwa moja.

Nimepita kumsalimia. Na nani nimemkuta kwenye kiti kizuri? Ignatio! Jirani yangu huyu kachora Mtakatifu Yosefu mmoja tu maishani mwake, pale kigangoni, na jicho moja linatazama altare, jingine mlango. Barua yake imo. Tena kwenye fremu ya kioo! Mimi niliyecheza ngoma ya mganda kule Lituhi ziwani, kaptura nyeupe, soksi mpaka magotini, simo popote. Barua zikiondoka bila jina langu, nimeishi bure.

Daktari amelalamika kwamba hajapata hata barua moja ya marehemu Dunstan, mtunzi wa mganda aliyejulikana ufukwe mzima. Nikaaga haraka. Nina sanduku la bati nyumbani.

Jumatano, 11 Juni

Nimefungua sanduku la bati. Harufu ya ujana wangu ikanijia usoni: dagaa wakavu, sabuni ya mche, mafuta ya nywele. Barua ya Dunstan ipo! Ya mwaka 1984, mwaka niliopanda huku mlimani kushika shamba la marehemu baba. Nimekaa sakafuni nikaisoma. Nimemkumbuka rafiki yangu hadi nikalia. Kidogo tu.

Lakini barua yenyewe haifai. Haina sifa hata moja. Tena inataja ile habari ya mimi kukosea kugeuka ngomani. Utaionyeshaje mbele ya Ignatio?

Upande wa pili ni mtupu. Nikapata wazo! Nimeandika hapo barua nyingine, kwa mwandiko wa Dunstan, akikiri kwamba bila mimi asingejua kutunga. Upande wa kweli nimeugandisha kwenye kadibodi, mtu asiuone. Gundi ilikuwa imekwisha dukani. Nimetumia uji.

Wino ukawa unang'aa mno. Ningeuzeesha kwa kahawa, lakini sisi kahawa tunaiuza, tunakunywa chai. Nimepaka chai. Mke wangu Eunice kauliza kulikoni. Nikamwambia ni mambo ya utafiti. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Ijumaa, 13 Juni

Aibu. Aibu tupu!

Nimefika kwa Daktari na kadibodi yangu ndani ya kitenge cha Eunice. Ignatio naye yupo. Huyu mtu hana shamba? Daktari akavaa miwani, akasoma kwa sauti: Lituhi, Wilaya ya Nyasa, Machi 1984. Akairudia ile tarehe. Kisha akasema, kwa heshima zote, kwamba mwaka ule Lituhi ilikuwa Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa imezaliwa juzi. Nikajibu kwamba Dunstan alikuwa mtu wa kuona mbali. Ignatio akacheka mpaka akashika ukuta. Akanikumbusha kuwa njia ya mwongo ni fupi.

Hayakuishia hapo. Chai ya Eunice ina sukari, hilo nililisahau. Sisimizi wakatoka kwenye karatasi, wakapanda mkono wa Daktari. Akaukung'uta. Uji ukaachia. Karatasi ikaanguka, upande wa kweli juu.

Daktari akaisoma akiwa amechuchumaa. Hakucheka. Nainakili hapa, maana inaondoka:

“Nazari ndugu yangu, tangu ulipopanda mlimani, mstari wa pili una pengo. Nimemweka Pankras. Hakosei. Tukigeuka kulia, naye anageuka kulia, na watu wanatutazama kama wanasikiliza hotuba. Wanauliza, yule anayegeuka kushoto yuko wapi? Mganda bila wewe umenyooka mno. Rudi hata kwa Pasaka.”

Daktari akauliza kama nilirudi. Nikasema kahawa ilikuwa na kazi nyingi. Nikaanza kukunja kitenge cha Eunice. Nilitaka kurudi. Kila mwaka nilisema mwakani, mpaka zikaja habari za msiba wake.

Akaniomba barua kwa ajili ya maonyesho. Nikamwambia achukue upande anaoupenda.

Jumapili, 15 Juni

Ukumbi ulifurika. Barua yangu kwenye kioo, ukweli juu, uongo chini. Watu walijazana hapo kuliko kwa Ignatio. (Nimehesabu mara mbili.)

Shemeji Rosina, mjane wa Dunstan, kapanda kutoka Lituhi na furushi la mbasa, samaki wa ziwani, wa kukaushwa. Aliweka kiganja kwenye kioo, juu ya mwandiko wa mumewe, akakaa hivyo muda mrefu. Akaniambia kila Pasaka Dunstan aliikagua mistari kabla ya ngoma kuanza, na kila Pasaka aliuliza kama kuna gari limeshuka kutoka huku kwetu Mbinga. Nikalia mbele ya parokia nzima. Leso nilipewa na Ignatio. Ilikuwa safi, sikutegemea.

Shemeji anasema Jumamosi vijana wa Lituhi wanacheza. Wamekua wakisimuliwa habari za yule anayegeuka kushoto, wanataka kumwona. Kanisihi nije hivyo hivyo nilivyo. Nimekubali! Dunstan, nakuja.

Jumatatu, 16 Juni

Kahawa nimemwachia Eunice. Jumamosi si mbali, na kualikwa na kijiji kizima namna ile si jambo la mzaha. Nimeingia uwanjani na kaptura mpya. Nimefunga kitambaa chekundu mkono wa kulia ili nisisahau kulia ni wapi. Ignatio kajitolea kupiga debe badala ya ngoma.

Mwanzoni nilikosea sana. Kufika adhuhuri nilikosea mara chache. Sasa hivi, jua likishuka, nageuka kulia sawasawa na mwanajeshi. Sikosei hata kidogo!

Eunice alisimama akitazama, kikapu kichwani. Akauliza watu wa Lituhi wamemwalika nani, mimi au Pankras. Sikumwelewa.

Wamenisubiri zaidi ya miaka arobaini, maskini. Safari hii sitawaangusha.