Ombi la Nyota ya Murangi Kupunguziwa Ushindi

Wapenzi wa Timu ya Nyota,
Murangi, Musoma Vijijini.
Alhamisi, 14 Septemba 1989

Kwa Katibu,
Ligi ya Mwambao na Bunda,
Mukendo, Musoma.

Ndugu Katibu,

YAH: KUPUNGUZIWA USHINDI

Nakuandikia nikiwa na afya njema na moyo mzito. Mimi ni Apolinary Maregesi, fundi wa nyavu hapa Murangi, na tangu mwaka 1977 ni mwenyekiti wa wapenzi wa Nyota. Huenda jina langu liko kwenye faili lako, kwa sababu ndimi niliyemfukuza mwamuzi mpaka akaingia ziwani mwaka 1983. Niliomba radhi kwa maandishi. Safari hii sina ugomvi na mwamuzi yeyote, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Ndugu Katibu, tunashinda mno.

Ili unielewe, nianzie tulikotoka. Miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni na sukari kwa mgao, Nyota ilikuwa na jozi moja ya viatu. Golikipa wetu Thadeo alivaa cha kulia, kwa sababu ndio mguu wake wa kupigia, na Luhende, beki wa kushoto, akavaa cha kushoto. Jezi tulishona kwa mifuko ya unga wa ngano. Mgongoni kwa Thadeo palisomeka "Kilo 50". Tulishinda mechi moja katika kila tatu, na hiyo moja tuliisimulia mpaka msimu uliofuata.

Halafu mambo yakawa ruksa, na sangara akapata bei. Bwana Clementi, mtoto wa hapa hapa, ambaye tulimjua kwa baiskeli yake isiyo na breki, akanunua injini ya mtumbwi, kisha injini sita, kisha lori la kubebea samaki wa barafu. Mwaka jana akaichukua timu. Simsemi vibaya. Ni mkarimu, anaamkia wazee, na kanisani anakaa benchi la nyuma kama sisi. Alituletea viatu kila mchezaji jozi yake, mipira minne ambayo haijawahi kushonwa, na vijana tisa kutoka Mwanza na Shinyanga. Tangu Machi tumecheza mechi kumi na nne na kushinda zote. Tumefunga magoli tisini na moja. Hatujafungwa hata moja.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Hatuogopi tena. Zamani siku ya mechi nilikuwa nashindwa kula tangu misa. Siku hizi nakula, nashiba, nafika uwanjani kipindi cha pili na sijapitwa na kitu. Juzi tulipofunga goli la tano, Jeska anayeuza mihogo pale pembeni aliniuliza, "Hilo ni la leo au la wiki iliyopita?" Ikabidi nikamuulize mshika kibendera.

2. Golikipa mpya hana kazi. Alitoka Mwanza akiwa na sifa kubwa, lakini mechi ya Agosti alimaliza kipindi kizima akizungumza na kina mama nyuma ya goli, na sasa anamchumbia mmoja wao, Susana. Mahari imekwisha kutajwa. Wakati huo Thadeo, aliyelinda goli hilo miaka kumi na moja na kuvunjika vidole viwili kwa ajili ya kijiji hiki, anakaa benchi na viatu vipya miguuni, vyote viwili. Nilimwambia avivue apumzishe miguu. Akasema, "Acha tu, bwana. Huenda wakanihitaji." Hawajamhitaji. Mkewe Ursula, ambaye hakuna mwanaume aliyemfikia kwa kumpigia mwamuzi kelele, haji tena uwanjani. Anasema kumtukana mtu bila sababu ni dhambi.

3. Wapinzani wanatuishia. Butiama walileta wachezaji saba na cheti cha daktari. Kamunyonge walifika kamili, ila walipoona lori la Bwana Clementi linashusha vijana, kapteni wao aliomba tuwaandikie matokeo wawahi mvua. Tulikubaliana saba bila. Tukabaki na uwanja na mpira, tukagawana wenyewe kwa wenyewe, wenyeji upande huu na wageni wa lori upande ule. Wageni wakatufunga.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kuna mkulima wa pamba wa Bunda aitwaye Kija, ambaye ni mwenyekiti wa wapenzi wa timu ya Jembe. Kwa miaka kumi na miwili mimi na Kija tumetukanana kwa heshima. Ambaye timu yake imefungwa humkabidhi mwenzake jogoo mbele ya watu, akiimbiwa. Mwaka 1984 mke wangu Marcelina alipougua, Kija alikuja mpaka Murangi na jogoo, ilhali Jembe ndio waliokuwa wameshinda. Alisema amesahau matokeo.

Mwaka huu tuliwafunga nane na Kija hakutokea. Nikapanda basi mpaka Bunda. Nilimkuta uani anafunga mizigo ya pamba. Nikamwambia, "Kija, nane zote hizo, na hata kuja kunitukana hukuja?" Akajibu bila kuinuka: "Apolinary, zamani tulikuwaga tunacheza na nyinyi. Siku hizi tunacheza na lori. Sasa lori nilitukane nini?"

Jogoo alinipa, Ndugu Katibu. Alinipa kimya, kama mtu anayelipa kodi ya kichwa. Marcelina akampika. Sikumaliza hata paja.

Kwa hiyo tunaomba ofisi yako iamue yafuatayo:

(a) Wachezaji wa kununuliwa wavae kiatu kimoja kimoja.

(b) Goli la nne na kuendelea wapewe wapinzani.

(c) Bwana Clementi agawiwe kwa mgao, kama sukari ya duka la ushirika: mwezi mmoja Murangi, mwezi mmoja Bunda, mwezi mmoja Butiama, kwa kadi, na mabalozi wa nyumba kumi wasimamie foleni.

(d) Ikionekana hagawanyiki, basi akae golini yeye mwenyewe. Mwili anao. Nimesoma naye darasa moja na nathibitisha kwamba tangu utoto anaukimbia mpira.

(e) Yote yakishindikana, tufungwe mara moja tu kwa amri ya ofisi, tarehe mtakayopanga wenyewe. Tusiambiwe mapema.

Nisalimie mama watoto na watoto, wasalimie waamuzi wote kwa ujumla wao, na ukipita Bunda wasalimie mashabiki wa Jembe. Huku kwetu wote wazima, samaki wapo, na Marcelina anakusalimu ingawa hamjaonana.

Ni mimi niliyechoka kushangilia,

Apolinary Maregesi

N.B. Leo ni Jumatatu, tarehe 18. Barua hii ilikwama kwa kukosa stempu. Ijumaa nilimsomea Thadeo, Thadeo akawasimulia wenzake benchi, na ikamfikia Bwana Clementi. Hakukasirika. Alikuja kibandani kwangu, akakaa juu ya rundo la nyavu, akasema, "Hata mimi, Apolinary, siku hizi naangalia saa kuliko mpira." Jana tulicheza tena na Jembe, hapa hapa nyumbani. Akawachukua vijana wake wote tisa akawaazima Bunda.

Thadeo akarudi golini. Ursula akaja na sauti yake yote. Watu walijaa mpaka juu ya mawe. Dakika ya kumi Thadeo alipangua penalti na mimi nikalia machozi mbele ya wakwe zangu.

Ndugu Katibu, tumefungwa sita.

Kija alikuja. Aliimba, alicheza, alimbeba jogoo wangu begani kutoka uwanjani mpaka kituo cha basi, kisha akarudi mara mbili kuhakikisha nimeona. Tangu jana chakula hakipiti. Nasikia watu wanasema hiyo ndiyo Jumapili nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nimewachunguza wanaosema hivyo, na wote ni wa Bunda.

Jumapili ijayo tunacheza na Butiama, ambao nasikia wamepona wote. Tafadhali amuru vijana tisa warudishwe Murangi kabla ya Ijumaa, wote na viatu vyao. Namba moja mpaka nne uzifute, pamoja na maombi (a) hadi (e). Ubakize salamu.