Usaili Wangu na Ndoo ya Senene

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mabara mawili kwa mpigo. Naandika nikiwa bado nimekaa kitandani, miguu juu. Mtanielewa.

Mnajua nimehangaika mwaka mzima kutafuta nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu Ulaya. Nimewaandikia maprofesa mpaka nikazoea kutojibiwa. Mwezi uliopita nikaona chuo kimoja kinatafuta mtafiti wa wadudu wanaoliwa. Wadudu! Na mimi Mhaya! Nikaandika barua tamu kwamba senene nimekua nao, nimewashika, nimewanyonyoa, wako kwenye damu. (Ukweli ni kwamba nimekulia mjini, Pasiansi, na senene nawajua wakiwa wameshakaangwa na wametulia kwenye sahani.)

Profesa akajibu. Usaili kwa video, leo saa nne asubuhi.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama. Yeye ni mwalimu mstaafu, hana jambo dogo. Akampigia mdogo wake Bukoba, na jana jioni tukaenda stendi ya Nyegezi kupokea ndoo ya senene. Imefunikwa kanga, ndani kunachakarika. Akaniambia mzungu akiuliza nimwoneshe. Nikaificha nyuma ya mlango wa chumba changu.

Usaili ukaanza vizuri. Najibu, profesa anaandika, anatabasamu. Nikanogewa. Nikamwambia hata sasa hivi ninao hapa chumbani. (Nani alinituma?) Akavua miwani.

"Unaweza kunionesha unavyowanyonyoa?"

Nikavuta ndoo. Nikafunua kanga kidogo tu. Mmoja akaruka, akatua kifuani kwangu. Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Nakumbuka kelele, na zilikuwa zangu. Akili iliporudi nilikuwa nimesimama juu ya kitanda, koti la suti juu, kitenge cha kulalia chini, na kamera inaona vyote.

Mama akaingia mbio akidhani nimevamiwa. Akaiona ndoo, akaniona mimi, akaelewa. Akakaa kwenye kiti changu, akamsalimia profesa, akaanza kunyonyoa. Mabawa kwanza, kisha miguu, anaeleza kwa Kiingereza chake cha darasani huku wengine wametua kwenye kilemba. Dakika ishirini! Profesa anauliza, mama anajibu. Mimi nimebaki juu ya kitanda kama mgeni.

Mwisho profesa akauliza kama mimi nimewahi kuifanya kazi hii. Nikamkonyeza mama. Nilimkonyeza sana.

"Huyu?" mama akasema. "Huyu anawaogopa tangu darasa la pili."

Barua pepe imeingia sasa hivi. Nimeitwa usaili wa pili. Nimeruka, nimelia, halafu nikasoma mstari wa mwisho: "Tafadhali mama yako awepo."

Naomba msicheke. Nafasi ni moja, na mpinzani wangu yuko jikoni anakaanga.