Beseni la Dizeli na Msimu wa Senene

Jumatatu, 17 Novemba
Hatimaye nimekabidhiwa kitu cha maana. Kiwanda chetu cha kukoboa kahawa hapa Muleba, ambako mimi ni mtunza stoo, kimeletewa beseni la turubai nene, pana kama sebule, kuta zake zinakunjwa. Mapipa ya dizeli ya jenereta yatakaa ndani yake. Yakivuja, mafuta yasifike kwenye chemchemi ya jirani yetu Ma Klaudia hapo bondeni, ambako kilima kizima kinateka maji. Meneja, Bi Immakulata, ameonya: Ijumaa litajazwa maji kulijaribu. Likivuja, funguo za stoo zinahamia kwa Byarugaba, msaidizi wangu. Maadui wa turubai ni mawe, jua, matairi, viatu na ujinga. Nimesoma vitabu vingi. Najua ujinga ndio hutangulia. Namtazama Byarugaba.

Jumanne, 18
Nimepiga marufuku viatu. Byarugaba alivua vyake, soksi zikanifukuza mimi. Halafu akashauri tutandike chini kapeti zito lililoletwa pamoja na beseni. Utumwa wa akili! Wahaya tumetandika nyasi majumbani mwetu tangu enzi. Nikatandika nyasi. Akauliza kama nategemea wakwe. Kapeti liko ofisini, chini ya kiti changu.

Jumatano, 19
Jua kali. Nimelifunika beseni kwa majani mabichi ya mgomba. Mchana nikakuta mbuzi wa Ma Klaudia wamo ndani wanakula, kwato na yote. Nikamfuata na hoja nzito. Akajibu kwamba aliyeandaa meza asiulize nani kawaalika wageni. Nimekagua turubai kwa magoti hadi jioni. Halijatoboka.

Alhamisi, 20
Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameshuka. Barabara nzima ya Biharamulo watu wamesimamisha mabati na mapipa ya kuwanasia. Mke wangu Joyness kasema waume wa wenzake wanajaza magunia, wa kwake analinda beseni tupu. Neno "tupu" limenikaa kichwani. Senene hufuata mwanga, na taa ya yadi yetu ni kali kuliko zote. Kuta za beseni zinateleza, senene hapandi. Kuliacha bure ni uhujumu uchumi. Nimeazima mabati, nimeyasimamisha ndani. Bila viatu. Sheria ni sheria.

Ijumaa, 21
Magunia mawili. Kisha nikaona: upepo wa alfajiri umeangusha mabati yote, na kila bati limeacha mkato kama wa wembe. Nikafunika kwa nyasi. Maji hayakudanganyika. Yalishuka bondeni mpaka kwenye chemchemi, mabawa ya senene yakielea juu. Byarugaba akaniambia taratibu, kwa heshima zote za Kihaya: Ta Datius, waitu, tushukuru yalikuwa maji. Ma Klaudia alimwaga ndoo yake, akasimama kando kungoja yatulie. Hilo liliniuma kuliko yote. Nikampelekea Bi Immakulata sahani ya senene wa kukaanga. Alikula wote, akafuta vidole, akanyoosha mkono kudai funguo.

Jumamosi, 22
Sasa nafagia yadi. Byarugaba kaja kuchukua kapeti, akanisaidia hata kuinua kiti. Wema wa namna hiyo sitausamehe. Beseni jipya linakuja Januari. Nimetafakari bila chuki: kosa halikuwa langu, lilikuwa la upepo. Senene wa Aprili watakuja, na taa iko palepale. Safari hii mabati nitayagandamiza kwa mawe makubwa.