Alama Nyekundu Juu ya Nyumba Yangu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mke wangu Felista bado yuko kijijini kwao, Mamba. Amesema harudi mpaka nyumba iezekwe nyasi mpya. Nyasi nimeshakata, matita yako nyuma ya nyumba. Lakini kuna jambo kubwa zaidi! Leo mkutanoni mtendaji wa kijiji katangaza anatafuta mtu mwenye simu kubwa, wa kufuatilia moto na moshi kwa picha za setilaiti. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Manyanda naye akanyoosha! Mtu ambaye simu yake kazi yake ni kuwapigia ng'ombe muziki. Mtendaji akasema atakayetangulia kuleta taarifa ya moto hapa kijijini ndiye atapewa kazi. Nikiipata, Felista atarudi mbio. Mke wa ofisa hawezi kuuliza habari za paa.

Jumatano, 13 Agosti

Shingo inauma kwa kutazama ramani. Kijiji cha Kasekese kina alama nyekundu za moto tele. Kwetu hakuna hata moja! Moshi umejaa hewani, macho yanatoka machozi, nakohoa kama mbuzi. Kumbe wote ni moshi wa watu wengine. Aibu gani hii.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeamua kuisaidia setilaiti. Inapita juu yetu mchana. Nikawasha mabua shambani, nyuma ya nyumba. Kamoto kadogo tu. Njia ya kuzuia moto nililima nusu, mgongo ukakataa. Nikakimbilia kwa mtendaji kumwambia kuna moto utaonekana kwenye ramani. Akauliza nimejuaje kabla haujaonekana. Nikamwambia ni uzoefu.

Upepo ukageuka.

Ijumaa, 15 Agosti

Alama ilitokea. Juu ya nyumba yangu. Matita yote ni majivu. Nyumba waliiokoa Manyanda na vijana wake, wakipiga moto kwa matawi, mimi nikiwa bado ofisini naeleza uzoefu. Kazi kapewa Manyanda. Nimekaa kwenye majivu nikalia. Felista simpati tena.

Jumapili, 17 Agosti

Felista amepiga. Mtendaji karusha picha ya ile ramani kwenye grupu, imefika mpaka Mamba! Akauliza kama alama ile ni kwetu. Nikamwambia setilaiti iko mbali mno, inakosea, pale ni kwa jirani, kwetu paa jipya liko tayari. Akashukuru Mungu. Jumanne anakuja kuona paa jipya.

Nimeshika kichwa. Nyasi za upande huu zote zimeungua. Zimebaki za ngitili ya Manyanda, malisho aliyowatunzia ng'ombe wake, na yeye habanduki pale, anatazama ramani.

Kesho mchana nitawasha kamoto upande wa pili wa kijiji. Kadogo tu. Akikaona kwenye simu atakimbilia huko, nami nitaingia na mundu. Upepo haunitishi. Kwangu hakuna tena cha kuungua, labda nyumba yenyewe.